Baiskeli Ambazo Sikuzihesabu

Nyumba ya tatu kutoka kona,
Mtaa wa nyuma ya kiwanda cha sabuni.
Jumapili, tarehe 9 Novemba.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta mzima, wewe pamoja na mkazamjomba na binamu zangu wawili. Mgongo unaendeleaje? Bibi aliposikia kwamba kiti cha basi lako jipya kinakuumiza kiuno, alinituma nikuandikie uweke mto. Kisha akasema mto laini mno nao ni mbaya, kwa hiyo sijui nikuambie uweke mto gani. Chagua mwenyewe, ila ukiulizwa sema ni ule aliousema yeye. Na binamu mdogo ameshazoea shule? Mwambie hata mimi wiki yangu ya kwanza nilikula chakula nimejificha nyuma ya mlango wa maktaba, na sasa maktaba ndiyo chumba ninachokipenda kuliko vyote.

Sisi huku hatujambo. Bibi anakohoa asubuhi lakini hataki kuitwa mgonjwa. Baba yuko na cherehani yake. Ana sare za shule hadi juu ya kitanda changu, na juzi nimelala na kola ishirini. Mimi nasoma, mitihani ni mwezi ujao. Mama mkono wake umepona kabisa, na habari zake ndizo zilizonikalisha mezani leo.

Kwa simu nisingeweza kukueleza. Unanijua. Nikipewa simu natoa shikamoo, halafu maneno yote yananikimbia, namrudishia Mama simu kama inaunguza. Kwenye karatasi napata nafasi ya kufikiri.

Mjomba, ile siku ulipopiga simu baada ya Mama kuanguka, nilikuwa nimekaa karibu na sauti yako ilifika hadi jikoni. Ulimwambia aachane na baiskeli, ukamtaka akuahidi, naye akakuahidi. Sikukulaumu. Dada yako ni huyo mmoja tu. Lakini kuna jambo hukuambiwa siku ile, kwa sababu lilikuwa linanihusu mimi na Mama hakutaka kuniaibisha. Na kuna lingine la juzi ambalo lazima ulijue: ahadi ile Mama ameivunja. Ijumaa asubuhi alipanda baiskeli. Nakuomba usome mpaka mwisho ndipo upige simu.

Unajua Mama anafua hospitali, ila sidhani kama umewahi kuona mahali penyewe. Ni chumba kirefu chini ya ghorofa ya wazazi, kina mashine sita na joto la kuivisha mtu. Zamu inaanza saa kumi na mbili kamili asubuhi, kwa sababu wauguzi wanataka mashuka safi kabla madaktari hawajapita. Basi la kwanza la huku kwetu linapita saa kumi na mbili na robo. Kwa baiskeli Mama hutumia nusu saa. Kwa miguu ni saa nzima na dakika ishirini, na miezi hii mitatu amekuwa akitoka hapa saa kumi na dakika arobaini, viatu mkononi ili asituamshe. Huko kazini kazi yote ni ya kusimama. Kuomba zamu ya mchana anaweza, lakini hiyo ingemrudisha nyumbani sote tukiwa usingizini, tungekuwa tunaonana siku za mapumziko tu kama jamaa wa mbali.

Sasa njia panda. Kabla ya kufika hospitali, barabara tatu zinakutana, na malori ya kiwanda cha sabuni yanakunja kushoto pale pale ambapo baiskeli inatakiwa ipite. Kati ya gurudumu la lori na ukingo wa barabara pana nafasi kama upana wa dawati la shule. Kwa hiyo mtu akifika pale anashuka, anaikokota baiskeli yake, anangoja taa ya kwanza, anangoja ya pili, anangoja ya tatu, ndipo anapanda tena upande wa pili. Kila mtu anafanya hivyo. Nimekulia hapa na nimeona watu wakishuka pale tangu nikiwa nabebwa, hata macho yangu yaliacha kuona.

Pale pana fundi baiskeli ambaye mtaa mzima unamwita Spoki, kwa wembamba wake zaidi kuliko kwa kazi yake. Mimi hupeleka baiskeli ya Mama kwake, na akiitengeneza hukaa juu ya rundo la matairi nikasoma. Yeye huniita Profesa. Jumamosi mchana hukutana hapo chama cha wapanda baiskeli, watu kumi na wawili hivi, na mwenyekiti wao ni mama mmoja mfamasia mwenye duka karibu na hospitali. Mwaka huu halmashauri ilitangaza kwamba itatenga njia ya baiskeli kwenye barabara moja tu iingiayo mjini, na ikawataka wakazi waseme ni ipi. Chama kikataka barabara ya hospitali. Halmashauri ikasema leteni hesabu, na ikatoa fomu.

Spoki akanitazama. "Profesa, weka kitabu chini. Mwandiko wako unatakiwa huku."

Mjomba, sijui kama unaweza kuelewa nilivyofurahi. Mimi si mtu wa kuchaguliwa. Hata kwenye michezo ya shule mimi ndiye hubaki, halafu timu mbili zinabishana nani alazimike kunichukua. Na sasa watu wazima wananipa ubao wa kuandikia na kalamu mbili, moja ya akiba.

Ilikuwa likizo. Siku tatu nilisimama kwenye ukuta wa duka la mikate, kuanzia saa kumi na moja na nusu hadi saa mbili asubuhi. Fomu iliandikwa: "Idadi ya baiskeli zinazoendeshwa kupita njia panda." Nilitaka nisikosee hata moja. Nilikuwa nimeazima maktaba kitabu cha sheria za barabarani nikakisoma chote, na kinasema wazi kwamba mtu anayekokota baiskeli anahesabiwa kuwa ni mwenda kwa miguu. Kwa hiyo waliokuwa wakiendesha niliwaandika. Waliokuwa wakikokota niliwaacha wapite. Nilijiona makini sana. Siku tatu, baiskeli sitini na tatu. Mfamasia hakuzipitia zile karatasi mara ya pili, kwa sababu, alivyosema, zilikuwa safi kuliko vitabu vyake vya dawa.

Baada ya wiki tatu halmashauri ikajibu. Barua ilisema kwamba kwa wastani wa baiskeli ishirini na moja kwa asubuhi, barabara ya hospitali haina haja, na njia itapelekwa nyuma ya uwanja wa mpira, ambako hakuna anayekwenda ila siku ya mechi. Spoki alimnyang'anya mfamasia karatasi.

"Ishirini na moja? Mimi peke yangu naziba pancha zaidi ya hizo kabla ya saa sita! Wamehesabu nini hawa, vivuli?"

 Nilikuwa bado sijaelewa, lakini niliomba nakala ya barua nikaenda nayo nyumbani.

Jioni nikamsomea Mama nakala ya barua ile. Alikuwa anakunja nguo. Anakunja nguo za hospitali kutwa nzima, halafu anakuja kukunja zetu. Akaniuliza, bila kuinua macho:

"Ile Jumanne ulinipungia mkono ukiwa pale ukutani. Uliniandika wa ngapi?"

"Sikukuandika, Mama."

"Kwa nini? Nilikuwa na baiskeli au nilikuwa na mbuzi?"

"Ulikuwa unaikokota."

Akaweka shuka chini. "Mwanangu," akasema, "pale nani haikokoti?"

Akaokota shuka, akaendelea kukunja. Afadhali angenigombeza. Nilikwenda chumbani nikakaa kitandani nikiwaona wote waliopita mbele yangu zile asubuhi tatu: waokaji, wauguzi, walinzi wanaotoka kazini, mwanamke mwenye mtoto mbele na mwingine nyuma. Wote walishuka mbele yangu, na mimi nilikuwa na kalamu mbili.

Sehemu hii ndiyo inayoniuma kuandika. Ilinipasa niende kwa mfamasia kesho yake asubuhi. Sikwenda. Nilijiambia nitakwenda Jumamosi, kwenye mkutano, halafu nikajiambia labda mtu mwingine atagundua na mimi nisilazimike kusema. Siku tano nilikaa na jambo lile. Siku ya nne ndiyo Mama alianguka.

Ulisikia kwamba gari la mikate lilimgonga. Ukweli ni kwamba siku hiyo alikuwa amechelewa, na msimamizi wao alikuwa ameshamwonya mara mbili kwa sababu ya zile taa tatu. Akaamua asishuke. Gari likakunja kushoto. Wewe ni dereva, Mjomba, unajua kuna upande ambao kioo hakioneshi. Dereva yule alisimama papo hapo, akamnyanyua, akamfikisha hospitali mwenyewe, na Mama anasema alitetemeka kiasi kwamba wauguzi walimkalisha yeye kwanza. Mpaka leo akimwona Mama hupunguza mwendo, na mara nyingine humpa mkate. Simchukii. Pale pameumbwa hivyo, hapampi dereva wala mpanda baiskeli nafasi ya kuwa mtu mzuri.

Mkono uliteguka, wewe ukapiga simu, Mama akakuahidi, na Baba akaitundika baiskeli ukutani juu ya cherehani.

Kesho yake nilikwenda duka la dawa kabla halijafunguliwa, nikamweleza mfamasia yote mlangoni. Nilidhani ataninyang'anya ubao. Alinisikiliza hadi mwisho akiwa ameshika funguo, kisha akasema kosa ni la wawili, kwa sababu aliyetia sahihi ni yeye. Jumamosi wanachama waligawanyika. Wengine walitaka tuombe tu hesabu irudiwe bila kutaja sababu. Spoki akapendekeza tusingizie mvua.

"Mvua gani?" mfamasia akamuuliza. "Hapajanyesha tangu Aprili."

"Ndiyo maana hawatakumbuka!"

Mimi nilisema, nikitazama matairi, kwamba tukificha kosa hawataelewa kwa nini namba ni ndogo, na wasipoelewa hilo hawajaelewa kitu.  Spoki akasema, "Basi Profesa ndiye atakayesema." Nilikuwa sijamaanisha hivyo hata kidogo.

Mkutano wa wakazi ulikuwa Jumatano mchana kwenye ukumbi wa halmashauri. Viti vya plastiki, feni moja inayozunguka na moja isiyozunguka, na kipaza sauti kinachovuma kabla hujasema lolote. Mama alikuja na bandeji yake, akakaa safu ya tatu. Nilikuwa nimeandika ukurasa mmoja na nusu. Nikasimama, nikasema mimi ni mwanafunzi, na kwamba ile hesabu ya baiskeli niliihesabu mimi na ina makosa.

Mhandisi wa barabara, mzee wa makamo mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani, akainua uso. "Makosa gani?"

"Sikuwahesabu waliokuwa wakikokota."

"Anayekokota ni mwenda kwa miguu, binti yangu. Sheria iko hivyo."

"Najua. Nimeisoma."

Watu wakacheka. Masikio yangu yakawa ya moto.

"Sasa unataka tuandike mtembeaji kuwa ni baiskeli?"

"Hapana," nikasema. "Nataka aulizwe kwa nini ameshuka."

Nikakaa. Usije ukadhani nilikaa kwa sababu nilikuwa nimemaliza, Mjomba. Maneno yalinikimbia kama kwenye simu. Ule ukurasa na nusu ninao mpaka leo, haujasomwa na mtu.

Lakini nyuma kule mtu mmoja mwenye aproni ya unga alisema kwa sauti, "Mimi nashuka kwa sababu nina watoto!"

Mwingine akadakia, "Mimi sina watoto, nashuka kwa sababu nina akili!"

Ukumbi ukavunjika kwa kicheko, hata mhandisi. Hapo Mama akainua mkono wake wenye bandeji. Mwenyekiti wa mkutano akadhani anaomba nafasi, akamwambia, "Karibu, mama, sema." Mama akamjibu, "Nimeshasema," akaushusha. Kicheko kikakatika.

Wiki iliyofuata mhandisi alikuja mwenyewe njia panda. Alikuwa amechora fomu yenye safu mbili, na akaniomba nisimame naye kabla ya kwenda shule. Hakuniambia nini cha kuandika. Yeye aliandika fomu yake na mimi yangu, na saa mbili tukalinganisha. Waliokuwa wakiendesha, ishirini na wanne. Waliokuwa wakikokota, mia moja themanini na saba. Mimi nilikuwa na mia moja themanini na sita. Yeye ndiye aliyemwona mmoja aliyepita nyuma ya lori. Akavua miwani, akaifuta, akavaa ile nyingine. Kisha akasema amepita pale kwa gari kwa miaka kumi na moja.

Ningependa kukuambia tulipata yote tuliyoomba. Tumepata nusu. Halmashauri imetenga njia upande wa kwenda hospitali tu. Ina mstari mpana mweupe na vitalu vya zege vya kutenganisha na magari, na pale njia panda baiskeli zina taa yao inayowaka kijani kabla ya ile ya malori. Upande wa kurudi bado, kwa sababu pana maegesho ya maduka na wenye maduka hawajakubali. Mfamasia ametoa nafasi iliyo mbele ya duka lake, lakini jirani zake hawamsemeshi tangu siku hiyo. Wameweka pingamizi na wana haki ya kusikilizwa, wao pia wanaishi kwa wateja wao. Itachukua muda.

Njia ilifunguliwa Jumatatu. Mama hakuigusa baiskeli. Jumanne, Jumatano, Alhamisi alitoka kwa miguu, viatu mkononi. Tulidhani ni woga, na Baba akatuambia tusimsumbue. Alhamisi jioni nikamuuliza. Akasema, "Nimemwahidi kaka yangu." Hivyo tu. Hakuwa anaogopa gari, Mjomba. Alikuwa anakuogopa wewe, au tuseme anakuheshimu, mimi sioni tofauti akiwa na uso ule.

Nikamwambia nitakuandikia mimi. Akanitazama, kisha akamwita Baba aishushe.

Ijumaa nilitangulia nikasimama kwenye ukuta wa duka la mikate. Alifika na kundi la wenzake kumi hivi. Kwenye taa alifunga breki akateremsha mguu, tayari kushuka, miaka yote ile ikiwa miguuni. Wa nyuma yake wakapiga kengele. "Mama, twende! Hii ni yetu!" Taa ikawa kijani. Malori yalikuwa yamesimama, yote, na madereva wakitazama. Akapita akiwa amekaa wima, hakunipungia mkono, na sidhani kama alimwona mtu yeyote.

Mchana alirudi akiikokota kama zamani, kwa sababu upande huo bado ni ule ule. Akaiegemeza ukutani, akanawa, akauliza nani amekula na nani bado. Nilikuwa nangoja aseme kitu kuhusu ile njia.  Wakati ananiwekea chakula ndipo akasema, kama mtu anayesimulia ndoto asiyotaka impotee:

"Leo nimefika kazini mashine hazijawashwa. Dakika kumi nzima. Nikavuta kiti cha msimamizi, nikakaa."

"Ukafanya nini, Mama?"

"Nilikaa, mwanangu. Nilikaa tu."

Haya ndiyo niliyotaka uyajue, Mjomba. Ukiwa na hasira, ziwe kwangu.

Mkazamjomba mpe salamu zangu, na binamu mkubwa mwambie kitabu chake ninacho, nitakirudisha siku tutakayoonana, kikiwa na jalada jipya. Baba anakusalimu na anauliza kipimo cha kiuno chako, akisema usimdanganye. Bibi anakuombea kila jioni na anakutaja kwanza, kabla yetu sisi tulio karibu naye, nasi tumeshazoea. Mama anakusalimu sana. Hajaisoma barua hii, amesema ataisoma usoni mwako ukija.

Mungu akulinde kwenye kila kona unayokunja, na awalinde wote wanaopita upande ule usioonekana kwenye kioo chako.

Nikupendaye, hata pale ninapokosa la kusema kwenye simu,
Mpwa wako.